Nzuri Kupita Kiasi

Nchi hii ipo, tena ipo vizuri tu, ila jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja nje ya sherehe za kitaifa kunalipiwa kodi, na mimi mwezi huu sina kitu. Wewe iite unavyotaka. Wenyewe wakiizungumzia husema "hapa petu," wanashusha sauti kidogo, na kila mtu anaelewa.

Hapa petu uchaguzi ulifutwa zamani. Haukufutwa kwa ubaya, jamani. Serikali iliwaona wananchi wanavyoungua na jua kwenye foleni ili kumchagua mtu ambaye tayari yupo, ikawaonea huruma. Badala yake ukaanzishwa Mdahalo Mkuu. Kila baada ya miaka mitano watu wawili hupanda jukwaani mbele ya umma na kuijadili rekodi ya Mtukufu katika mambo matatu: kodi, haki, na tabia yake binafsi. Mmoja anatetea, mmoja anapinga. Umma unasikiliza, unapiga makofi, na makofi yanapimwa kwa mashine iliyoletwa kutoka ng'ambo, kisha Mtukufu anaongezewa miaka mitano. Mashine yenyewe ina mshale mmoja, na mshale huo umechomelewa.

Hoja ya mwaka ule ilibandikwa kila ukuta, hata ukuta wa machinjio: "Je, rekodi ya Mtukufu ni nzuri sana, au ni nzuri kupita kiasi?" Upande wa kupita kiasi aliushika Waziri wa Sifa na Maji, Mheshimiwa Bartazari Ndelwa. Wizara hizo mbili ziliunganishwa ili zitiririke pamoja, na mpaka leo ya kwanza inatiririka. Upande wa nzuri sana, yaani upande wa upinzani, ulihitaji mtu wa kujitolea kwa hiari yake. Barua ya kumjulisha Mwalimu Laurenti Sembuche kwamba amejitolea ilimfikia Jumanne saa nne asubuhi, akiwa anamenya viazi.

Mwalimu Sembuche alikuwa amestaafu mwaka wa sita huo. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyesimamia midahalo ya wanafunzi. Alikuwa na tabia moja ambayo kustaafu hakukuitibu: kalamu nyekundu ilikaa mfuko wa shati saa zote, na karatasi yoyote iliyopita mbele yake aliisahihisha, iwe risiti, iwe tangazo la msiba. Barua ile aliisoma amesimama, akatoa kalamu, akasahihisha makosa manne, ndipo akaketi.

Kilichomkalisha kilikuwa mstari wa mwisho. "Mpinzani atakayeshindwa vizuri atapewa msamaha wa mtu mmoja amtakaye." Aliusoma mara nyingi akitafuta kosa. Haukuwa na kosa.

Mtu mmoja amtakaye alikuwa Veneranda.

*

Veneranda alikuwa mtoto wake wa pekee, nesi wa wodi ya wanaume. Alizaliwa na pumu, na kwa nchi kama hii ilikuwa bahati mbaya mara mbili. Nikueleze. Mtukufu alipoanzisha kodi ya hodi, watu waliacha kupiga hodi wakawa wanakohoa mlangoni. Serikali haikulala. Kikohozi nacho kikatozwa kodi, na siku hizi mtu akienda kwa jirani husimama nje kimya mpaka mwenyeji atoke kumwaga maji ya vyombo. Sasa mtoto wa pumu utamwambia nini? Mwalimu alihangaika ofisi kwa ofisi mpaka akampatia kadi ya Mkohozi Halali, yenye picha, na binti akakua nayo shingoni.

Hapa petu sababu za kufa zinazotambuliwa kisheria ni tatu: uzee, haraka ya marehemu mwenyewe, na mapenzi ya Mungu. Nesi hutia alama ya vema kwenye mojawapo, basi, kazi imekwisha. Siku moja alifariki wodini dereva wa trekta mwenye kisukari, na Veneranda alipofika kwenye zile sababu tatu alizikata zote kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, herufi zimesimama wima kama alivyofundishwa na baba yake: Kukosa dawa.

Jioni alimsimulia. Mwalimu aliogopa mpaka chakula kikamshinda.

"Sasa, mwanangu, ungepungukiwa nini ukitia vema pale kwa Mungu?"

"Mbona ni wewe uliyenifundisha, Baba? Andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa kimeonekana."

Ni kweli alimfundisha. Alikuwa akiyaandika maneno hayo ubaoni kila Januari, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwanafunzi atakayeyafuata mpaka kazini. Alhamisi wakaja kumchukua. Walikuja kwa adabu sana, wakamruhusu abebe sweta na pampu yake ya pumu.

Tangu siku hiyo, miaka miwili na nusu, hakuna aliyemwona. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mwalimu alikwenda kwenye Nyumba ya Wageni wa Taifa, ndivyo gereza linavyoitwa kwa heshima ya waliomo. Ukutani pana kidirisha cha ukubwa wa daftari la shule. Uso huuoni, unaona mikono miwili yenye kucha safi. Chakula hakipokelewi, kwani Serikali inajitosheleza. Zinapokelewa dawa, nguo, sabuni na barua. Mwalimu alilipa kodi ya ugeni, akapitisha pampu mpya, akasema kila mara maneno yale yale: "Ya Veneranda Sembuche. Nisaidie apewe." Mikono ikapokea, ikaandika, ikatoa risiti. Risiti hizo alizitunza kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Ndizo zilizokuwa zikimwambia kwamba mtoto wake yupo na anapumua.

Kwa hiyo usishangae kwamba alikubali.

*

Siku ya pili baada ya barua mtaa mzima ulishtuka kusikia hodi. Ilikuwa miaka mingi haijasikika pale. Alikuwa Bwana Mkwizu, Katibu wa Upinzani wa Kitaifa. Maofisa wamesamehewa ile kodi. Mtu mnene, mpole, sauti yake ya kubembeleza, na kwapani ana bahasha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Starehe. Nimekuletea maoni yako."

Maoni ya Mwalimu yalikuwa yamechapwa, kurasa mbili, na yamegongwa mihuri mitatu: wa kodi, wa haki na wa tabia. Bwana Mkwizu aliketi, akapewa chai, akaanza kumweleza kazi.

"Kushindwa ni ufundi, Mwalimu, usikudharau. Mpinzani wa kwanza alikuwa fundi saa mmoja. Yeye alishindwa upesi mno. Alipanda, akasema nakubali yote, akashuka. Tukamshtaki kwa kuwanyima wananchi mjadala wao. Wa pili alijisahau, akapinga kweli. Huyo hatumzungumzii."

"Na wa tatu?"

"Ah, Bi. Mashavu, muuza maandazi." Bwana Mkwizu alitabasamu kwa mapenzi ya kazi. "Yule mama alishindwa mpaka watu wakalia. Kaka yake alitoka wiki hiyo hiyo. Hasemi, lakini ametoka. Anakula mwenyewe."

Mwalimu alilishika neno hilo. Anakula mwenyewe. Kwa wiki nzima lilikuwa chakula chake na yeye.

Wakaanza mazoezi. Jasho litoke kwenye aya ya nne. Kwenye haki apekue karatasi kana kwamba amepoteza ukurasa. Kwenye tabia agugumie. Kugugumia ndiko kulikomtesa. Mtu aliyetumia miaka thelathini na moja kuwaambia watoto "fungua mdomo, simama wima, sema neno lifike ukuta wa nyuma" hawezi kugugumia kwa siku nne. Alijaribu mbele ya kioo, akajaribu na kipande cha kiazi mdomoni. Bwana Mkwizu alikuwa mvumilivu. "Rudia, Mwalimu. Hapo nimekuelewa mno."

Aya ya sita ilikuwa na sentensi moja. "Nami nakiri mbele ya umma kwamba katika nchi hii hajapata kufa mtu kwa kukosa dawa, na aliyeandika hivyo ni mwongo."

Mwalimu alitoa kalamu nyekundu. Bwana Mkwizu akamshika kiganja, taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Hiyo hapana. Nyingine zote sahihisha upendavyo, tia mkato, toa mkato. Hiyo usiiguse."

"Unataka nimwite mwanangu mwongo mbele ya watu?"

"Mimi sitaki chochote, Mwalimu. Mimi ni katibu. Lakini utamwita mwongo nusu dakika, kisha utakaa naye hapa nyumbani miaka. Wazazi wangapi wanawaita watoto wao waongo bila kupata chochote?"

Mwalimu aliisoma tena ile sentensi. Kisha akairudisha kalamu mfukoni, na chai yake ikapoa mbele yake.

*

Uwanja ulijaa, maana kutokwenda kuna kodi yake. Kila kata ilileta wapigaji makofi wake, wamevaa fulana za rangi ya kata. Mtukufu mwenyewe alikaa kivulini, mzee mdogo wa umbo, kavaa kandambili, anakula karanga za kukaanga kutoka kwenye karatasi. Ungekutana naye sokoni ungempisha akatangulia.

Mheshimiwa Ndelwa alianza na kodi.

"Ndugu wananchi! Kabla ya Mtukufu, mtu wa nchi hii alikuwa anakohoa tu. Anakohoa ovyo, bila mpango, na Taifa halipati kitu. Leo hii, mama akikohoa kule bondeni, ametia jiwe katika barabara!"

Makofi. Barabara yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, lakini mawe yalikuwa mengi, hilo lilikubalika.

Mwalimu akainuka na karatasi zake. Kwa mujibu wa mafunzo alipaswa kukosoa. "Mimi na-nasema kodi hizi ni nzuri sana, ila kupita kiasi bado. Kwa sababu wapo watu wanaopiga chafya na kwenda zao, na hawaulizwi."

Ilikuwa hoja ya kijinga, imetungwa iwe ya kijinga ili ichekwe. Umma ulicheka. Mheshimiwa Ndelwa hakucheka. Alitoa daftari, akaandika.

"Tuje kwenye haki," akaendelea. "Namtaka mpinzani anitajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyehukumiwa kwa makosa katika utawala huu. Hawezi. Na kwa nini hawezi? Kwa sababu hakuna aliyehukumiwa! Nchi nyingine mahakimu wana pupa. Wa kwetu anasoma. Mwaka wa kumi na moja huu anasoma, yuko faili la tatu, na jirani zake ni mashahidi kwamba halali vizuri."

Mwalimu alipekua karatasi kama alivyoagizwa, akajibu kwamba hiyo ni nzuri sana, lakini ingekuwa ya kupita kiasi kama faili la kwanza lingesomwa tena. Jasho lilikuwa limekwisha kutoka tangu aya ya pili. Halikuhitaji kuambiwa.

"Na tabia!" Hapa Waziri alivua miwani. "Nani asiyejua unyenyekevu wake? Sanamu zake zote ameagiza ziwe zimekaa, asitupite kimo. Nani asiyejua uaminifu wake, mpaka umewaambukiza watumishi wote wa umma? Hapa petu ofisa hagusi kitu cha mtu. Acha sindano ofisini leo, rudi baada ya miaka kumi, utaikuta na uzi wake!"

Makofi yalidumu sana, na mshale ukabaki pale ulipochomelewa. Zamu ya Mwalimu ikafika, aya ya sita.

Alifungua mdomo, pasitoke kitu. Bwana Mkwizu, aliyekuwa amechuchumaa chini ya jukwaa, alidhani ndiko kugugumia, akainua kidole gumba kumsifu. Haikuwa hivyo. Mwalimu alikuwa amemwona mawazoni Veneranda akiwa na miaka tisa, ile kadi imening'inia shingoni, amesimama mbele ya darasa kwenye mdahalo wake wa kwanza, anavuta pumzi kwa shida na anakataa kukaa chini mpaka amalize. Watu uwanjani walianza kutazamana. Mtukufu aliacha kutafuna.

Basi akasema. Akasema yote bila kukwama, kwa sauti ile ya darasani inayofika ukuta wa nyuma. Kwamba hajapata kufa mtu kwa kukosa dawa, na aliyeandika hivyo ni mwongo. Ndiyo sentensi pekee aliyoisema vizuri siku nzima. Watu wengi pale walikuwa wamezika watu wao na ile vema ya mapenzi ya Mungu, na walitazama viatu vyao. Fulana zikapiga makofi. Mwalimu alijichukia kwa kiasi ambacho hakukijua kabla ya siku hiyo, na chini ya chuki hiyo, nitasema kweli, kulikuwa na furaha, kwa sababu alijua ameshindwa vizuri.

Akaitwa kivulini. Alipiga magoti kwa mujibu wa utaratibu, na Mtukufu akapokea karatasi ya msamaha.

"Binti yako anaitwa nani, Mwalimu?"

"Veneranda, Mtukufu."

"Jina zuri." Aliliandika mwenyewe, mwandiko mzuri, hauna kosa. "Mzima lakini?"

"Ana pumu, Mtukufu."

"Pole yake. Mpe tangawizi." Akatia sahihi, akamchotea na karanga kidogo mkononi.

*

Ijumaa Mwalimu aliamka na kutandika kitanda cha Veneranda. Alichemsha maji ya kuoga, akayafunika yasipoe, ingawa alijua yatapoa. Aliweka tangawizi mezani. Kisha akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua msamaha na, kwa mazoea, pampu mpya.

Foleni ilikuwa ndefu, na haikumsalimia. Kodi ya chafya ilikuwa imetangazwa siku ya pili baada ya mdahalo, na tangazo lilishukuru "upinzani makini wa Mwalimu Sembuche." Mtaani walikwisha kuiita kodi ya Sembuche. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mama wa makamo kwa sura, ameshika kifurushi cha sabuni na fulana ya sufu, alikuwa ameziba pua kwa upindo wa kanga, na macho yake yalimchoma Mwalimu kisogoni. Hakujali. Mtu anayekwenda kumchukua mwanawe hana nafasi ya kujali.

Alipofika alipitisha msamaha. Mikono iliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu likatokea jambo ambalo foleni haikuwahi kuliona: ubao uliozunguka kile kidirisha ulifunguliwa wote kama mlango, na nyuma yake alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sare, nywele amesuka vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi Kalunde. Ulinifundisha darasa la tano na la sita. Nilikuwa mdahalo, upande wa kutetea."

"Kalunde." Alimkumbuka, mtoto msafi, daftari zake hazikuwa na doa. "Ni wewe siku zote hizi?"

"Ni mimi. Nilikuwa nakutambua kwa sauti. Ila dirisha lisipofunguliwa haturuhusiwi kusalimia." Aliligeuza jalada la kitabu kikubwa, akatembeza kidole. "Sembuche, Veneranda. Huyu ameshaondoka, Mwalimu."

"Ameondoka kwenda wapi?"

Kalunde alikibakiza kidole kwenye mstari. "Ni zamani. Wiki ya sita tangu aje. Pampu aliyokuja nayo iliisha."

Mwalimu alishika ukingo wa dirisha. Alisikia maneno, akayaelewa moja moja, ila hayakukubali kukaa pamoja.

"Nilileta nyingine. Ijumaa ile ya kwanza nilileta. Kila mwezi nimeleta. Nina risiti."

"Zipo zote." Kalunde aliinuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na boksi la katoni lenye jina la Veneranda. Alilifungua kwa uangalifu. Ndani zilipangwa pampu za pumu, moja juu ya nyingine, kila moja kwenye plastiki yake, haijafunguliwa. "Ishirini na tisa. Na hii ya leo ingekuwa ya thelathini. Hesabu mwenyewe, Mwalimu, hakuna hata moja iliyopotea."

"Kwa nini hamkumpa?"

"Kumpa mgeni dawa kunataka sahihi ya hakimu. Hakimu husaini akishalifikia faili. Faili lake halijafikiwa." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Kisha sauti ikashuka. "Alikuwa akiomba. Nilimsikia. Boksi lilikuwa hapa kwangu, ni kunyoosha mkono tu. Lakini kitu cha mtu hakiguswi bila ruhusa. Ulitufundisha wewe mwenyewe, Mwalimu."

Ni kweli alifundisha. Aliwachapa watoto kwa kuchukua penseli za wenzao. Alimtazama Kalunde, akatafuta hasira, na hasira ilikuwepo, tele, ila haikujua imwendee nani kati yao wawili.

"Na mimi nikija hapa miaka miwili nikisema apewe, apewe. Hukuweza kuniambia?"

"Hukuuliza kama yupo. Na hili ni dirisha la kupokea, Mwalimu. La kuuliza linataka msamaha."

Nyuma yake foleni ilikuwa imesogea karibu. Walikuwa wakisikia kila neno, kwani dirisha halikuwa la ukubwa wa daftari tena.

Kalunde alitoa karatasi. "Kuna hii ya kuweka sahihi. Fomu yake ya kifo. Ndugu anathibitisha sababu, halafu unakabidhiwa boksi, tunafunga jalada. Unaweza kwenda nalo nyumbani."

Ilikuwa fomu ile ile aliyokuwa akimsikia Veneranda akiilalamikia. Sababu tatu, na mbele ya mapenzi ya Mungu palikuwa na vema nadhifu, mkono wa Kalunde. Mwalimu aliisoma kuanzia juu, jina la mtoto wake, umri, kazi, kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake. Kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Wino mwekundu hauruhusiwi, Mwalimu," alisema Kalunde.

Alizikata sababu zote tatu kwa mstari mmoja. Akaandika pembeni, pole pole, herufi zimesimama wima: Kukosa dawa. Chini yake akaandika jina lake kamili na tarehe. Akaongeza mstari mwingine, huu wa umma: Niliyoyasema uwanjani ni uongo, aliyeandika kwanza ndiye aliyesema kweli. Aliusoma tena mpaka mwisho. Alikuwa amesahau nukta, akaiweka.

Kalunde aliisoma fomu bila kuigusa. Macho yalimjaa maji, lakini mikono ilikwisha kuanza kutafuta daftari jingine. "Ukiacha hivi, itanibidi nikupokee uwe mgeni humu."

"Nipokee."

"Mwalimu, nitakugeuzia karatasi nyingine. Ninazo. Nitasema hii ililowa."

"Hapana, mwanangu. Wewe hujawahi kuchafua karatasi."

Alivua saa, akaiweka juu ya boksi la pampu, pamoja na kalamu. Alikuwa analia sasa, wazi, bila kujifuta. Kalunde akaanza kuandika jina lake, akauliza kwa utaratibu kama ana ugonjwa wowote unaohitaji dawa, na hapo hapo akaacha kuandika.

Mama wa kifurushi cha sabuni akasogea mbele. Alikuwa ameiachia kanga, pua iko wazi. Hakumtazama Mwalimu kwa chuki tena, hakumtazama kabisa. Alikuwa anatazama rafu.

"Binti," alisema, "na boksi la mwanangu lilete nilione. Anaitwa Yusto Mahimbo."

"Mama, kumwona mgeni kunataka msamaha."

"Sikuomba kumwona yeye. Nimeomba kuona boksi."

"Na la mume wangu," sauti ikasema nyuma yake. "Lete na hilo." Mzee mmoja akataja jina la kaka yake, halafu mwingine akataja la binti yake. Hakuna aliyepaza sauti. Walitaja majina tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka majina yakakata kona ya ukuta ambako foleni ilikuwa haionekani, na mtu mmoja huko mwisho akapiga chafya, asijali.

Kalunde alisimama. Alitazama kitabu cha taratibu, akakifungua, akakifunika. Hakikuwa na ukurasa unaokataza mtu kuonyeshwa kitu chake. Akaenda kwenye rafu, akaanza kuyashusha. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu maboksi yalikuwa mengi, na yote yalikuwa bado mazito.